UZI MAALUM: Santiago de Compostela, mji wa mahujaji na wanafunzi. Unayefikiria kwenda pita hapa kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa viza za Schengen wamejitokeza watu kadhaa wanauliza habari za Santiago de Compostela, wengine wanataka kutembea ile njia ya hija inayoitwa Camino, wengine wanatafuta nafasi ya chuo, mmoja anataka tu kumpeleka mama yake akasali. Nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake nifungue uzi, maana mimi niko hapa nasoma uzamili, huu mji nimeupenda kwa kweli na inaniuma nikiona watu wanavyoupita mbio mbio.

Kwa asiyejua, uko kaskazini magharibi kabisa ya Hispania, ndio makao makuu ya jimbo la Galicia, una watu kama laki moja kasoro kidogo. Tangu zama za kati Wakristo wa Ulaya wameuweka kwenye safu moja na Yerusalemu na Roma kwa hija, kwa sababu inaaminika chini ya altare ya kanisa kuu kuna kaburi la Mtume Yakobo mwana wa Zebedayo, yule ambaye Matendo ya Mitume sura ya 12 inasema Herode alimuua kwa upanga. Na hapo hapo kuna chuo kikuu ambacho mwanzo wake ni 1495. Mji wa kale wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1985.

Sasa kubwa ninalotaka kusema ni hili: Santiago usiifanye kituo cha kumalizia safari. Mwaka 2024 peke yake mahujaji karibu laki 5 walichukua cheti cha hija hapa, na wengi wao mtindo ni ule ule, mtu katembea wiki nzima au mwezi, anafika uwanjani, anapiga picha na begi mgongoni, anapanga foleni ya cheti, anakula, anapanda treni. Anaondoka hajui hata kwamba lile jengo lililokuwa pembeni yake wakati anapiga picha ni ofisi kuu ya chuo. Mimi nasema kaa siku tatu, mbili zikibana sana. Mji wenyewe mdogo, wote unatembeleka kwa mguu, lakini una mambo.

Anza na uwanja wenyewe, Praza do Obradoiro. Simama katikati zunguka taratibu. Mashariki kanisa kuu. Kaskazini Hostal dos Reis Católicos, jengo lililoanza kujengwa 1501 kwa amri ya malkia Isabella na mfalme Ferdinand liwe hospitali na malazi ya mahujaji, likaendelea kutibu watu mpaka katikati ya karne ya 20, leo ni hoteli ya bei kali. Magharibi Pazo de Raxoi, ndiko aliko meya. Kusini San Xerome, hapo ndio ofisi ya mkuu wa chuo. Yaani dini, tiba, serikali na elimu vinatazamana, na wewe umesimama katikati. Kwangu mimi ukiuelewa huo uwanja umeshauelewa mji, yaliyobaki ni kuingia vichochoroni.

Nitaendelea, ulizeni maswali humu humu ili yawasaidie na wengine.

#2 Mdau, Mwanza

Naweka kambi hapa. Endelea kushusha mkuu, kila siku nasikia Camino Camino lakini sijawahi kupata mtu wa kunielezea kwa Kiswahili.

#3 Mdau, Nakuru

Asante sana kwa huu uzi. Mimi swali langu ni la historia kidogo. Yakobo aliuawa Yerusalemu, sasa kaburi lilifika vipi huko mwisho wa Ulaya? Na ni kweli au ni hadithi tu ya kuvutia watalii?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Nakuru swali zuri na wenyewe hapa wanalijadili waziwazi, hawalikwepi.

Mapokeo yanasema wanafunzi wake waliuchukua mwili wakausafirisha kwa mashua mpaka pwani ya Galicia wakauzika. Halafu kimya karne nane. Miaka ya 820 na kitu, mtawa mmoja aliyekuwa anaishi peke yake porini, Pelagius, hapa wanamuita Paio, akaona mianga usiku, akaenda kumwambia askofu Teodomiro wa Iria Flavia, wakachimba wakakuta kaburi. Mfalme Alfonso wa Pili wa Asturias akatoka Oviedo kuja kuona kwa macho yake, ndio maana anahesabiwa hujaji wa kwanza, na njia inayotokea Oviedo inaitwa Camino Primitivo, yaani njia ya mwanzo, mpaka leo. Kanisa hili unaloliona sasa ujenzi ulianza 1075 likawekwa wakfu 1211.

Ukweli wa mifupa hakuna mwanahistoria atakayekuapia. Ila kuna jambo moja ambalo mimi lilinifanya niache kuichukulia hii habari kirahisi. Kwa muda mrefu walikuwepo wasomi waliosema hata huyo askofu Teodomiro ni wa kutungwa. Mwaka 1955 wanachimba chini ya sakafu ya kanisa wakakuta jiwe la kaburi lake, lina jina lake na mwaka wa kifo, 847. Kwa hiyo askofu alikuwepo, alikuwepo hapa hapa, na alitaka azikwe karibu na alichokiona. Hilo jiwe lipo.

Na mifupa yenyewe imepitia misukosuko. 1589 nahodha wa Kiingereza Francis Drake alishambulia bandari ya A Coruña, huku Santiago wakapata hofu kwamba Waingereza watafika, askofu mkuu akaificha, na ikafichika kweli kweli maana imekuja kuonekana tena 1879, karibu miaka 300 baadaye. Papa Leo wa 13 akaikubali rasmi 1884. Fikiria mahujaji wa karne zote hizo walikuwa wanakuja kusali na hakuna hata padri mmoja anayejua mifupa iko kona gani ya kanisa, na waliendelea kuja.

#5 Mdau, Tanga

Mimi ndio yule wa kumpeleka mama. Mama ana umri wa miaka 70 na kitu, magoti hayako sawa, kutembea hizo kilomita haiwezekani. Je akienda kwa treni anahesabika amehiji? Na ndani ya kanisa kuna nini cha kumuonyesha, kuna kiingilio?

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tanga mlete mama. Cheti kinachoitwa Compostela ndio kina masharti ya kutembea, lakini kusali, kuungama na kupata komunyo hakuna anayemuuliza mtu amekuja kwa miguu au kwa treni. Treni ya kasi toka Madrid ni masaa matatu na kidogo tu.

Kanisani kuingia ni bure. Misa ya mahujaji ni saa sita mchana, nyingine saa moja na nusu jioni. Fikeni nusu saa kabla au zaidi maana viti vinajaa, na mabegi makubwa hayaruhusiwi ndani. Kuna mambo mawili mama atayapenda. Kuna ngazi nyembamba nyuma ya altare kuu, unapanda, unaikumbatia sanamu ya Mtume kwa nyuma, unasema ulilonalo, unashuka upande wa pili. Halafu kuna ngazi nyingine za kwenda chini kwenye chumba kidogo, pale lipo sanduku la fedha lenye mifupa, watu wanapiga magoti dakika moja wanapisha wengine. Ngazi zote mbili ni fupi ila zimebana, mshike mkono.

Chetezo kikubwa, Botafumeiro, hiki kila mtu anakiulizia. Kina uzito wa kilo 53 hivi, urefu kama mita moja na nusu, kinavutwa kwa kamba na wanaume 8 waliovaa kanzu nyekundu iliyoiva, kinakwenda toka ncha moja ya mkono wa kanisa mpaka ncha nyingine kinakaribia dari, mwendo wake wamekadiria kilomita 68 kwa saa. Kabla hujakiona unasikia, kuna mvumo kikipita juu ya vichwa, halafu ndio harufu ya ubani inashuka. Cha zamani cha fedha kilichukuliwa na wanajeshi wa Napoleon 1809, hiki kinachotumika ni cha 1851. Lakini sikilizeni vizuri, hakirushwi kila siku. Kina sikukuu zake, kama Epifania, Pasaka, Pentekoste, Julai 25 yenyewe ambayo ni sikukuu ya Yakobo, Agosti 15, Novemba 1, Desemba 8, Krismasi. Siku nyingine kinarushwa kama kuna kundi limetoa mchango. Kwa hiyo usimuahidi mama chetezo kama tarehe zenu haziangukii huko, muahidi misa.

Viatu: mlete na raba yenye meno. Mji wote umetandikwa mawe na karibu mwaka mzima yamelowa, yanateleza.

#7 Mdau, Dodoma

Hiyo mvua mkuu ni kiasi gani maana naona kila picha watu wana miavuli.

#8 Mleta uzi

Nyingi. Kama milimita 1,800 kwa mwaka, Dar inapata kama 1,100. Na sio mvua ya kumwagika ikakata jua likatoka, hii ni ya manyunyu ya kutwa nzima, inaanza Oktoba na unaweza ukasahau rangi ya anga mpaka Machi. Ndio maana Rúa do Vilar na Rúa Nova zina vibaraza vyenye nguzo pande zote, unatembea mtaa mzima hujalowa. Mawe ya kuta yameota kuvu la kijani na la rangi ya dhahabu, na mimi nikuambie ukweli, huu mji ukiwa umelowa ndio mzuri zaidi kuliko ukiwa mkavu. Wakati wa jua wa kuaminika kidogo ni Juni mpaka Septemba, ila Julai na Agosti ndio umejaa kupindukia. Mei na Septemba ndio chaguo langu.

#9 Mdau, Nairobi

Boss, mimi nataka kutembea. Nimeona watu wanasema kilomita 800 nikaogopa. Kazi hainipi likizo ya mwezi.

#10 Mleta uzi

Hizo karibu 800 ni za anayeanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, njia inaitwa Camino Francés. Sharti la cheti ni kilomita 100 za mwisho kwa miguu, au 200 kwa baiskeli. Ndio maana wengi wanaanzia Sarria, ni kama 115, unatembea siku tano au sita kwa mwendo wa kawaida. Kama hupendi msongamano anzia Tui mpakani mwa Ureno, umbali ni huo huo karibu, au Ferrol kwenye njia inayoitwa ya Waingereza, kwa sababu mahujaji wa kule walikuwa wanashuka kwenye meli pale.

Unachukua kijitabu kinaitwa credencial, unagonga mihuri mahali unapolala, kanisani, hata kwenye mgahawa, angalau miwili kwa siku kwenye hizo 100 za mwisho. Hosteli za serikali ya Galicia kitanda ni euro 10, hazipokei nafasi za mapema, anayefika kwanza ndio analala. Ukifika Santiago unakwenda ofisi ya mahujaji iko Rúa das Carretas, wanakagua mihuri, wanakuandikia cheti kwa Kilatini na jina lako, bure.

Ushauri wangu wa dhati: siku ya mwisho usikimbie. Kabla ya kuingia mjini kama kilomita 5 hivi kuna kilima, Monte do Gozo, pale ndipo mahujaji wa zamani walikuwa wanaiona minara ya kanisa kwa mara ya kwanza, wanalia, wanaimba. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwakusanya vijana pale 1989. Watu sa hivi wanapita wakiangalia simu. Kaa hapo, pumzika, shuka taratibu.

Na ukipita Melide, kama kilomita 50 na kitu kabla ya kufika, kula pweza. Lazima.

#11 Mdau, Mombasa

Pweza tena? Huku kwetu pweza tuko naye kila jioni barabarani, huko wanampika vipi?

#12 Mleta uzi

Hahaha nilijua watu wa pwani mtaamka hapa. Sikiliza. Mama anakuwa na sufuria la shaba kubwa linachemka. Anamshika pweza kichwa anamchovya, anamtoa, anamchovya, anamtoa, mara tatu, mikia inajikunja yenyewe juu, wanasema bila hivyo ngozi inachubuka. Ndio anamuacha aive. Akiiva anamkata kwa mkasi, sio kisu, vipande vinene kama sarafu vinaangukia kwenye sahani ya mbao, chumvi ya mawe, unga wa pilipili nyekundu, unaweza kuchagua isiyowasha au inayowasha, halafu mafuta ya zeituni mengi. Unakula kwa vijiti vya meno na mkate wa kuchovya yale mafuta. Hakuna ndimu, hakuna ukwaju. Ni laini mpaka unashangaa.

Na soko usilikose jamani. Mercado de Abastos, upande wa mashariki wa mji wa kale, majengo ya mawe ya 1941 lakini soko lenyewe ni la zamani kuliko hayo. Nenda Alhamisi au Jumamosi asubuhi. Ndani kuna samaki, kaa, kome, nyama, jibini. Ila uzuri uko nje, kina mama wa vijijini wamekaa kwenye vibenchi na ndoo zao, mchicha wao, mayai, asali, maharage, maua ya bustanini kwao. Bibi anakupimia kwa mkono, anaongeza kidogo juu, anakuuliza umetoka wapi. Msalimie kwa Kigalicia, *bo día*, halafu *graciñas* unapoondoka, uso wake unabadilika pale pale. Jumapili limefungwa.

#13 Mdau, Mombasa

Ahsante. Sasa niulize jambo zito kidogo kwa heshima zote. Mimi ni Muislamu na nimeomba nafasi ya masomo hapo. Nimesoma kwamba huyo Yakobo wa hapo wanamchora juu ya farasi anakata Waislamu vichwa. Ni kweli? Mtu kama mimi atajisikiaje kuishi mji wa namna hiyo?

#14 Mleta uzi

Ndugu yangu nakujibu kama nilivyoona, sitakuficha.

Ni kweli, hiyo sanamu ipo ndani ya kanisa, ni ya karne ya 18. Inatokana na simulizi ya vita vya Clavijo, kwamba Yakobo alitokea juu ya farasi akawasaidia Wakristo kupigana na Waislamu, vita ambavyo wanahistoria wengi wanasema havikutokea kabisa. Mwaka 2004 viongozi wa kanisa walitangaza kuiondoa, ukazuka mjadala mkubwa, ikabaki, lakini ukienda utakuta sehemu ya chini wamezungushia maua, watu wanaokatwa hawaonekani, anaonekana mpanda farasi tu. Wewe utaamua mwenyewe hayo maua yanatosha au hayatoshi. Mimi naona hayatoshi, naona ingekaa makumbusho na maelezo yake.

Ila historia ya Waislamu na mji huu ni pana kuliko hiyo sanamu. Mwaka 997 Al-Mansur, mtawala wa Córdoba, alikuja na jeshi, akauchoma mji, kengele za kanisa zikapelekwa Córdoba. Kaburi hakuligusa, na hilo wanalikiri Wakristo wenyewe. Waandishi wa Kiarabu waliosimulia habari hiyo walieleza wasomaji wao kwamba kanisa hili kwa Wakristo lilikuwa na hadhi kama ya Kaaba kwa Waislamu. Walijua uzito wa mahali.

Maisha ya kila siku: hapa ni mji wa wanafunzi, hakuna atakayekusumbua kwa dini yako. Chakula ndio uwe makini, mchuzi wao wa mboga unaoitwa caldo unapikwa na mafuta ya nguruwe hata kama huoni nyama, na zile empanada, mikate ya kujazwa, uliza ndani kuna nini. Samaki na viumbe vya baharini vipo tele, njaa hutalala.

#15 Mdau, Mombasa

Nimeridhika na jibu. Allah akulipe kheri. Sasa tupe na upande wa chuo.

#16 Mleta uzi

Chuo, hapa ndio nataka nikae kidogo maana watalii hawaambiwi.

1495 mwandishi wa hati za kisheria anaitwa Lope Gómez de Marzoa alianzisha shule ya kufundisha sarufi ya Kilatini kwa vijana maskini, kwenye monasteri ya San Paio. Baadaye askofu mkuu Alonso wa Fonseca akakipa majengo na mali, 1526 Papa akatoa hati. Nenda Colegio de Fonseca iko Rúa do Franco, kati ya baa na migahawa, watu wanaipita tu. Ingia. Kuna ua wa ndani wenye nguzo na bustani, bure, na kimya ambacho huwezi kuamini hatua ishirini nje kuna kelele za sahani. Mara nyingi kuna maonyesho ya bure pia.

Leo kampasi ziko mbili hapa mjini, ya kaskazini na ya kusini, na nyingine iko Lugo. Mafunzo yanatolewa Kihispania na Kigalicia. Jifunze Kihispania kabla hujaja, Kigalicia kitakuja chenyewe ukikaa. Vyumba ni shida, tena shida kweli, mji wa kale nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni wa siku mbili tatu na wanafunzi wanasukumwa pembeni. Anza kutafuta mwezi wa sita, usingoje wa tisa. Na usitume pesa kwa chumba ambacho hakuna mtu aliyekiona kwa niaba yako.

Ratiba ya mji inafuata wanafunzi. Usiku wa kutoka hapa ni Alhamisi, kwa sababu Ijumaa mchana unaona vijana wanaburuza mabegi kwenda stendi, wanarudi vijijini kwao, Jumapili jioni wanarudi na vyakula vya mama kwenye makontena. Wikendi ni ya mahujaji, katikati ya wiki ni ya wanafunzi.

Na kuna mahali hao wawili walikuwa wanakutana kabisa. Lango la magharibi la kanisa linaitwa Pórtico de la Gloria, kazi ya fundi Mateo, alianza 1168, mwaka 1188 ndio umechongwa pale. Mitume, manabii, wazee 24 wa Ufunuo na vyombo vyao vya muziki, na rangi zake zimesafishwa kwa miaka kadhaa mpaka 2018. Kwenye nguzo ya kati kuna alama ya vidole vitano imezama ndani ya jiwe, sio kwamba imechongwa, ni viganja vya mahujaji karne kwa karne kila mmoja akiweka mkono pale pale. Na chini ya nguzo hiyo hiyo kwa nyuma kuna sanamu ndogo ya mtu amepiga magoti, inaaminika ni Mateo mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wanakuja kabla ya mtihani wanagonga vichwa vyao kwenye kichwa chake wapate akili. Mara tatu. Sa hivi vyote viwili vimezuiwa kugusa na kuingia hapo ni kwa tiketi, ila tiketi hiyo lipa, usiibane bajeti hapo.

#17 Mdau, Bukavu

Mimi nafuata tu toka Bukavu, nashukuru sana. Uliandika mji una mambo vichochoroni. Tupe moja ambayo haiko kwenye vitabu vya watalii.

#18 Mleta uzi

Basi niwape ya As Dúas Marías, Maria wawili.

Ukiingia bustani ya Alameda, ile ambayo toka njia yake ya Ferradura unaliona kanisa lote kwa mbali, utakuta sanamu ya wanawake wawili waliovaa nguo za rangi kali, mmoja amenyoosha mkono. Watalii wanawashika mabega wanapiga picha wanaondoka. Hao ni Maruxa na Coralia Fandiño, ndugu wa damu, mafundi cherehani. Kaka zao walikuwa kwenye chama cha wafanyakazi cha mrengo wa kushoto, na jeshi lilipoasi 1936, mwanzo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, askari wakawa wanaingia nyumbani kwao usiku kuwatafuta hao kaka, wanawadhalilisha akina dada, wanavunja vitu. Wateja wa cherehani wakaogopa wakaacha kuja. Njaa ikaingia.

Walichofanya wale wanawake, kila siku saa nane mchana, saa ambayo wanafunzi wanatoka madarasani, walijipaka poda nyeupe na rangi ya mdomo, wakavaa nyekundu, njano, kijani, wakashuka mtaani wameshikana mikono, wanawatania vijana wa chuo. Katika miaka ambayo mji mzima ulikuwa umevaa nyeusi na unaongea kwa kunong'ona. Wengine waliwaita vichaa. Lakini watu walikuwa wanawaachia chakula dukani kimya kimya, na dhoruba ilipoezua paa lao mji ukachanga pesa. Maruxa alifariki 1980, Coralia 1983, sanamu ikawekwa 1994.

Mimi kila anayekuja kunitembelea nampeleka hapo kabla ya kanisani.

Mtaani kwingine: Praza da Quintana, nyuma ya kanisa. Ina sehemu mbili zinagawanywa na ngazi pana, ya juu wanaiita ya walio hai, ya chini ya wafu maana palikuwa makaburi mpaka karne ya 18. Wanafunzi wanakaa kwenye hizo ngazi jioni na gitaa. Kwenye ukuta kuna bamba la kumbukumbu ya Batallón Literario, wanafunzi wa chuo hiki waliofunga vitabu 1808 wakaenda kupigana na jeshi la Napoleon. Upande mwingine wa uwanja huo huo ndio uko Mlango Mtakatifu, mlango wa kanisa kuu unaofunguliwa miaka maalum tu. Na panda Bonaval ukipata nafasi, bustani iliyokuwa makaburi, pale jirani kuna makumbusho yenye ngazi tatu zinazojizungusha pamoja, ipi inafika wapi huwezi kujua mpaka upande, na kaburi la Rosalía de Castro, mshairi aliyezaliwa mji huu 1837 akaandika Kigalicia wakati wasomi walikuwa wanakiona ni lugha ya wakulima tu.

#19 Mdau, Nairobi

Huo Mlango Mtakatifu unafunguliwa lini? Parokia yetu inaongea kuhusu 2027.

#20 Mleta uzi

Unafunguliwa mwaka ambao Julai 25 imeangukia Jumapili. Wa mwisho ulikuwa 2021, kwa ajili ya korona Papa akauongeza mpaka 2022 yote. Unaofuata ni huo 2027, halafu 2032. Kama parokia mko serious fanyeni haya mapema: malazi, hasa kama mna wazee ulizieni San Martiño Pinario, ni monasteri kubwa mkabala na kanisa na inapokea wageni, ina vyumba vya kawaida vya mahujaji. Viza ni Schengen ya kawaida, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima iwe ya angalau euro 30,000. Hakuna ndege ya moja kwa moja toka Afrika Mashariki, mtaunganisha, na ikiwa rahisi kushukia Porto basi lipo la kuja hapa, ila kumbukeni saa ya Ureno iko nyuma saa moja, watu wanakosa mabasi kwa hilo.

Saa za kula pia waambieni wazee mapema. Chakula cha mchana ni saa saba na nusu mpaka saa tisa na nusu, baada ya hapo jiko limefungwa, usiku hakuna jiko la maana kabla ya saa mbili na nusu. Mwenye sukari au dawa za kumeza na chakula atembee na kitu kwenye begi.

#21 Mdau, Tanga

Mkuu nimeshaongea na mama, kafurahi sana, ananiuliza Mei au Septemba.

#22 Mleta uzi

Kwa mama Mei. Kuna sikukuu ya Kupaa Bwana, mji unakuwa na gulio na ngoma za zumari zao, na hiyo ni mojawapo ya siku za chetezo. Angalia tarehe ya mwaka husika maana inahama na Pasaka. Shukeni Jumatano jioni, Alhamisi asubuhi anzeni sokoni kabla mahujaji hawajaingia, misa saa sita, mchana alale. Ukishapata tiketi nitumie ujumbe humu nije kuwapokea stesheni.